Fizi: Toka fonie mpaka WhatsApp, habari ya mgonjwa inafika namna gani hospitalini?

Mama akikwama kwenye uzazi kule milimani, habari yake inapaswa kumfikia muganga wa hospitali mbele yeye mwenyewe hajafika, ili chumba cha upasuaji kiwe tayari. Katika teritwari ya Fizi, habari hiyo imepitia njia nyingi.

Zamani ilipita kwa miguu. Muuguzi aliandika barua, mtu akaibeba kwa njia za milima, ao mtumbwi ukaivusha toka Ubwari hadi Baraka. Jibu lilirudi wakati mwingine mgonjwa amekwisha kuzikwa.

Miaka ya 1980, serikali ya Zaire iligawa nchi katika zoni za afya 306. Kila zoni ilipaswa kuwa na hospitali kubwa na vituo vya afya vinavyoitegemea, kwa hiyo watumishi walihitaji namna ya kusemezana. Hapo fonie ikapata kazi. Betri ya gari, pano ya jua na waya uliofungwa juu ya miti vinatosha, na sauti inavuka milima bila mnara wa kampuni. Lakini kila aliyekuwa kwenye mawimbi hayo alisikia. Siri ya mgonjwa ilijulikana njia nzima. Na wakati wa vita vya 1996 na 1998, kutaja barabara ambayo dawa zitapitia kulikuwa pia kuwajulisha wenye silaha.

Simu za mkononi zilienea Kongo baada ya Celtel kuanza kazi mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002. Mwaka 2005, wakati wakimbizi walipoanza kurudishwa kwa meli toka Kigoma hadi Baraka, nchi ilikuwa imeingia katika enzi ya simu.

Leo muuguzi mwenye mtandao anapiga picha ya karatasi ya transferi na kuituma kwa WhatsApp. Hesabu ya wagonjwa wa kipindupindu, ambayo kila kituo kinatoa kila juma, inafika kwenye ofisi ya zoni siku ileile. Kando ya ziwa, kuchelewa juma moja ni watu kuendelea kunywa maji mabaya.

Hata hivyo, shida ya fonie haikuisha. Picha ya mgonjwa ikiingia katika kundi la watu wengi, haijulikani itaishia wapi. Na mtandao unaweza kuzimwa: toka tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima karibu majuma matatu. Fonie haizimwi na kampuni. Ndiyo sababu kituo chenye fonie nzima kisiitupe.

Kwa familia zilizohama, kuna somo moja. Simu ya muganga aliyebaki kijijini haiwafuati. Karatasi ya chanjo ya mtoto na ile ya transferi zifungwe vizuri ndani ya plastiki, zitembee pamoja na mwenyewe.