Stesheni ya Dar es Salaam, tangu reli ya Mjerumani hadi treni ya umeme

Stesheni kuu ya Dar es Salaam iliwekwa pale ilipo kwa ajili ya bandari. Kampuni ya reli ya Kijerumani iliyoundwa mwaka 1904, ikimtumia mkandarasi Philipp Holzmann, ilianza kutandika njia mwaka 1905, na mwanzo wa njia hiyo ulikuwa kando ya maji, ili shehena itoke melini na kuingia kwenye mabehewa bila kuzungushwa mjini. Abiria alikuwemo katika hesabu, lakini si yeye aliyeamua mahali pa kujenga. Jambo hilo linaeleza mengi yaliyofuata, maana kwa zaidi ya miaka mia moja stesheni hii ilihudumia mzigo kwanza na mtu baadaye.

Kazi ya kutandika mataruma ilifanywa na maelfu ya Waafrika, na miaka yake ya mwanzo ilikuwa ndiyo miaka ya vita vya Maji Maji. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mapema mwaka 1914, umbali wa kilomita 1,252 kutoka baharini. Njia ilikuwa ya geji ya mita moja. Kati ya mizigo yote iliyopitia Dar es Salaam wakati huo, hakuna uliozidi kwa ajabu ile meli Graf von Goetzen. Ilifungwa vipandevipande katika maelfu ya makasha, ikasafirishwa kwa reli, kisha ikaundwa upya Kigoma na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Ndiyo inayojulikana leo kama MV Liemba.

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, huku Wajerumani wakiharibu madaraja walipokuwa wakirudi nyuma. Baada ya matengenezo, tawi la Tabora hadi Mwanza likakamilika mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kufika Dar es Salaam. Stesheni ikawa mlango wa mji kwa watu wa bara waliokuja kutafuta kazi. Ikawa pia mahali pa siasa, na hili halistahili kusahauliwa. Mgomo wa makuli wa bandari wa mwaka 1947 uliwafikia wafanyakazi wa reli, kisha ukapanda bara stesheni kwa stesheni. Mwaka 1960 chama cha wafanyakazi wa reli, kikiongozwa na Christopher Kasanga Tumbo, kiligoma kwa siku 82, na serikali ya kikoloni ilitambua kuwa anayeshika reli ameshika koo la nchi.

Tangu mwaka 1948 reli ilikuwa chini ya shirika la Afrika Mashariki lenye makao yake Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda Shirika la Reli, TRC, na kurithi njia ndefu yenye vifaa vilivyochoka. Barabara za lami zilipoongezeka, mabasi yaliwachukua abiria na malori yakachukua shehena. Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni iliyomilikiwa na RITES ya India kwa asilimia 51 na serikali kwa asilimia 49. Ubia huo haukudumu, na mwaka 2011 serikali iliirudisha reli mikononi mwake. Katikati ya misukosuko hiyo, mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliharibu njia kati ya Kilosa na Gulwe, na safari zikakatika kwa miezi.

Uhai ulirudi stesheni kwa njia ambayo wajenzi wa kwanza hawakuiwazia. Oktoba 2012 ilianzishwa treni ya abiria wa mjini kati ya Stesheni na Ubungo. Wakazi waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe. Mabehewa yalikuwa ya zamani na njia ilikuwa ileile ya mita moja, lakini mfanyakazi aliyezoea kukwama kwenye foleni za daladala alipata njia isiyo na foleni. Uboreshaji huo mdogo uligusa maisha ya kila siku ya mji zaidi kuliko mipango mingi mikubwa iliyoutangulia.

Mpango mkubwa ulifuata. Aprili 2017 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la reli ya kisasa, SGR, yenye geji ya milimita 1,435 na inayotumia umeme, kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro kilijengwa na Yapı Merkezi ya Uturuki pamoja na Mota-Engil ya Ureno. Karibu na stesheni ya zamani likainuka jengo la vioo lenye umbo lililoigwa kutoka jiwe la tanzanite. Njia zake hutoka mjini juu ya daraja refu, na magari na waenda kwa miguu hupita chini bila kusubiri geti lifunguliwe.

Safari za Morogoro zilianza Juni 2024 na za Dodoma mwezi uliofuata. Rais Samia Suluhu Hassan akazindua huduma hiyo rasmi tarehe 1 Agosti. Nauli ya kawaida ya kuanzia ilikuwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Novemba zikaja treni zenye pua iliyochongwa, ambazo watu waliziita mchongoko. Safari ya Dodoma, iliyokuwa ikimaliza mchana au usiku mzima kwa treni ya zamani, ikawa ya saa chache. Tiketi hukatwa kwa simu, na mizigo hupita kwenye mashine ya ukaguzi kabla abiria hajafika jukwaani.

Stesheni ya zamani haikufungwa. Treni za Kigoma, Mwanza na Arusha bado hutumia reli ya mita moja, na ni huko anakopanda msafiri anayekwenda mbali ambako reli mpya haijafika. Anayekwenda Mbeya huanzia kwingine kabisa, stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, yenye geji yake ya milimita 1,067. Mji mmoja una geji tatu zisizopokeana mabehewa, na hiyo ndiyo kazi ambayo jengo jipya, pamoja na uzuri wake wote, halijaimaliza. Shehena ya SGR imeelekezwa bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, huku ujenzi wa njia ukiendelea kutoka Makutupora kwenda Tabora, Isaka na Mwanza.