Nani atafuta kitu hiki? Safari ndefu ya AddRef na Release

Wakongwe wa saiba mtakumbuka malalamiko kuhusu Firefox 2: ukifunga kurasa zote, bado kumbukumbu ya tarakilishi hairudi. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini moja ina historia tamu.

Mwaka 1960 George Collins alipendekeza kila kitu ndani ya programu kiwe na hesabu ya wanaokishika. Anayekishika aongeze moja, anayekiachilia apunguze moja, na hesabu ikifika sifuri kifutwe. Mwaka 1963 Harold McBeth akaonyesha tundu: vitu viwili vikishikana vyenyewe kwa vyenyewe, sifuri haifiki kamwe.

Hata hivyo, Microsoft ilipoleta COM mwaka 1993 ilichagua njia hiyohiyo, na mimi siwalaumu. Maktaba yangu na programu yako huenda zimeandikwa kwa lugha tofauti, kila moja na namna yake ya kutenga kumbukumbu. Ukifuta mwenyewe kitu nilichokutengenezea, programu yaweza kuanguka. Basi kila kiolesura cha COM kina AddRef na Release. Wewe unasema tu "nimemaliza", na kitu kinajifuta kwa njia ya aliyekiunda.

Mozilla wakaiga mpango huo katika XPCOM, ili msimbo wao uende kwenye Windows, Mac na Linux. Kusahau Release walikutibu kwa nsCOMPtr, inayoiita yenyewe. Tundu la McBeth likabaki, tena likapanuka. JavaScript haihesabu, ina mzoataka wake. Kitufe cha ukurasa (C++) kinashika fanksheni ya JavaScript, nayo fanksheni inashika kitufe. Hapo mzoataka anaona upande mmoja tu, hesabu nayo upande wa pili.

Firefox 3, Juni 2008, ilikuja na mkusanyaji wa mizunguko, kwa mbinu waliyochapisha Bacon na Rajan mwaka 2001. Anachukua vitu vinavyoshukiwa, anatoa hesabu ya vinavyoshikana vyenyewe, na ikibaki sifuri ina maana hakuna wa nje anayevihitaji. (Miaka 45 baada ya McBeth!)

Lakini mkusanyaji huyo hawezi kubahatisha. Kila klasi ya C++ inayohusika lazima itaje inashika nini, na hadi leo waandishi wa Firefox huorodhesha sehemu hizo kwa mkono. Ukisahau moja, mzunguko unaopitia hapo hautazolewa.