Mnara wa Juche: mawe 25,550 kwa ajili ya mtu mmoja

Tarehe 15 Aprili 1982 Kim Il Sung, kiongozi wa Korea Kaskazini, alitimiza miaka 70, na zawadi aliyopewa ilikuwa mnara. Umesimama Pyongyang, ukingo wa mashariki wa mto Taedong, ukitazamana na uwanja mkuu wenye jina lake ng'ambo ya maji. Una urefu wa mita 170, na mita 20 za juu ni mwenge unaowaka taa nyekundu usiku. Umeupita Mnara wa Washington kwa takriban mita moja tu, na ni vigumu kuamini kwamba hiyo ilikuwa bahati.

Ajabu kubwa zaidi imo kwenye mawe yenyewe. Wajenzi walitumia vipande 25,550 vya graniti, kimoja kwa kila siku ya maisha ya Kim. Zidisha 70 kwa 365, utaipata idadi hiyohiyo. Siku za ziada za miaka mirefu ziliachwa.

Juche ndiyo itikadi ya Kim: binadamu ni bwana wa mambo yote, na taifa lijitegemee kisiasa, kiuchumi na kiulinzi. Aliitangaza katika hotuba ya Desemba 1955, nchi yake ikiwa imebanwa kati ya Umoja wa Kisovieti na China, na mwaka 1972 ikaingizwa kwenye katiba.

Wazo hilo lilipata masikio Afrika. Mwalimu Nyerere wa Tanzania alizuru Pyongyang mwaka 1968, wino wa Azimio la Arusha la kujitegemea haujakauka, na vikundi vya kuisoma Juche vikaanzishwa katika nchi kadhaa za bara hili. Penye lango la mnara ukuta umejaa vibao vya salamu kutoka kwa vikundi vya namna hiyo duniani.

Mbele yake wamesimama watu watatu wa shaba, mita 30 kwenda juu: mfanyakazi na nyundo, mkulima na mundu, msomi na brashi ya kuandikia. Hao ndio wenye nchi, kwa mujibu wa itikadi. Hata hivyo, siku zilizohesabiwa kwa mawe si zao.

Ukweli ni kwamba hata kujitegemea kwenyewe kuliegemea misaada ya Umoja wa Kisovieti na China. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, mafuta na mbolea ya bei nafuu vilikatika. Mafuriko yakafuata, na mwaka 1995 serikali ya Pyongyang iliiomba dunia chakula. Njaa ya miaka hiyo iliua watu kwa malaki.