Milima ya Machakos Katika Jicho la Mpima Ardhi

Machakos, mji ulioanza kama kituo cha Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki mwaka 1889, uko takriban digrii moja na nusu kusini mwa ikweta, na mahali hapo paliwanyima wapima ardhi wa mwanzo msaada waliouzoea kwao. Katika nchi za kaskazini, mpima huielekeza theodoliti, yaani darubini iliyofungwa juu ya duara za kupimia pembe, kwenye nyota iitwayo Polaris, akapata kwayo upande wa kaskazini na latitudo ya mahali aliposimama. Machakos nyota hiyo hujificha chini ya upeo wa macho au karibu nao mno, hata haifai kupimwa. Ilibidi basi kupima jua asubuhi na jioni ili kupata mwelekeo, na kusubiri nyota nyingine zivuke meridiani, mstari wa kudhaniwa upitao utosini kutoka kaskazini hadi kusini, ili kupata latitudo. Longitudo ilitegemea saa, na saa iliyokosea kwa sekunde 4 tu iliihamisha kambi kwenye ramani kwa karibu kilomita 2.

Upimaji wa pembetatu ulipunguza utegemezi huo, kwa kuwa umbali mmoja uliopimwa kwa uangalifu, pamoja na pembe zinazosomwa kutoka kilele hadi kilele, hutosha kukokotoa nafasi za vilele vingine vyote vinavyoonana. Hata hivyo, vilele vilivyopimwa ni mifupa tu ya ramani. Mito, vijia na mashamba yaliyo kati yake yalisubiri ndege.

Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya upimaji wa makoloni chini ya Martin Hotine, na mwishoni mwa miaka ya 1940 ndege za Lancaster za Kikosi cha 82 cha jeshi lake la anga zilipiga picha sehemu kubwa za Kenya, Ukambani, eneo ilimo Machakos, ikiwemo. Fotogrametria, elimu ya kupima kwa kutumia picha, hudai kila picha ifunike takriban asilimia 60 ya eneo la picha iliyotangulia, ili kila mahali paonekane kutoka pande mbili. Picha hizo mbili zikitazamwa pamoja kwa stereoskopu, milima huinuka na mabonde huzama, na kimo kikaweza kupimwa mezani.

Skeli ya picha hutokana na urefu wa fokasi ya lenzi ukigawanywa kwa kimo cha ndege juu ya ardhi, na hapo ndipo Machakos inapotia wapima majaribuni. Lenzi ya milimita 152 ikiwa mita 4,560 juu ya uwanda hutoa skeli ya 1:30,000, lakini juu ya kilele kinachouzidi uwanda huo kwa mita 800 skeli huwa takriban 1:24,700, na shamba la kileleni likaonekana kubwa kwa karibu nusu kuliko shamba la ukubwa uleule lililoko uwandani. Kosa hilo si dogo kwa familia inayogawana urithi katika milima ya Mbooni, Kilungu au Iveti.

Serikali huru ilipopitisha sheria ya mwaka 1968 ya kuthibitisha haki za ardhi na kuzisajili, picha za angani zilizokuzwa zilitumika kuchorea mipaka katika maeneo mengi, na mara nyingi picha hizo hazikusahihishwa upotoshaji unaoletwa na milima. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwani kupima kila kona kwa theodoliti kungechukua miaka mingi mno, na ua wa mkonge au wa miti ulionekana angani na kutambuliwa na majirani wa pande zote mbili. Lakini ramani iliyopatikana huonyesha mipaka ya kukadiria tu, kama sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012 inavyoendelea kutamka, na wanunuzi wengi huumia kwa kutolijua jambo hilo.

Picha zilezile zilikuja kutoa ushahidi ambao wapigaji hawakuukusudia. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni, Colin Maher miongoni mwao, waliihukumu Machakos kuwa nchi inayokufa kwa mmomonyoko. Wakazi wa wilaya ya zamani ya Machakos, waliokuwa kama 240,000 mwaka 1932, walifikia takriban milioni 1.4 mwaka 1989. Na bado R. S. Rostom na Michael Mortimore, walipolinganisha picha za mwaka 1948, 1961 na 1978, waliona mashamba yakipanuka na matuta yakienea milimani. Matokeo hayo yaliingia katika kitabu cha More People, Less Erosion cha Mary Tiffen, Mortimore na Francis Gichuki, kilichotoka mwaka 1994. Kwa nini matuta membamba yaliyochimbwa kwa amri ya wakoloni yaliachwa yabomoke, huku matuta mapana na yale ya fanya juu, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mtaro, yakichimbwa kwa hiari na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, ni jambo ambalo hakuna kamera iliyolinasa, na watafiti hao walilazimika kwenda kuwauliza wazee vijijini.