Liemba: masua ya zamani, motere mpya, na njia ya kurudi Kongo

Kwenye Ziwa Tanganyika hakuna masua yenye historia ndefu kama ya Liemba. Wajerumani waliitengeneza, Wabeleji waliitafuta ili waiharibu, Waingereza waliitoa chini ya maji, na Watanzania waliiondolea mashini za mvuke na kuitia motere za mazutu. Mwaka wa 1997, masua hiyo ndiyo iliyowarudisha Uvira maelfu ya Wakongo waliokuwa wamekimbilia Kigoma.

Liemba ilijengwa mwaka wa 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani, kwenye kiwanda cha Meyer. Ilipokwisha kuunganishwa ilifunguliwa tena kipande kwa kipande, ikatiwa katika masanduku karibu 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam kwa njia ya bahari. Kutoka huko ilipanda treni hadi Kigoma. Mafundi watatu wa kiwanda kile walikuja pamoja nayo kusimamia kazi. Mwezi wa pili 1915 ikateremshwa majini, urefu wake karibu metre 70, na jina lake likawa Graf von Götzen.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeshafika ziwani. Upande wa Kongo, Wabeleji walikuwa Albertville, mji ambao leo unaitwa Kalemie, na hawakuwa na masua ya kulingana na ile. Mwezi wa sita 1916 ndege zao zikaenda kutupa mabomu Kigoma. Wajerumani walipoona mji unakaribia kuchukuliwa, waliamua kuizamisha wenyewe, tarehe 26/7/1916, karibu na mahali ambapo mto Malagarasi unaingia ziwani.

Lakini kazi hiyo walipewa mafundi walewale walioijenga. Kabla ya kuizamisha walizipaka mashini grisi nyingi, kila mahali ambapo maji yangeweza kuleta kutu. Halafu wakajaza mchanga ndani ili ishuke sawasawa. Walitumaini kwamba siku moja Wajerumani watairudia.

Wajerumani hawakuirudia. Wabeleji waliiinua baada ya vita, lakini mwaka wa 1920 ikazama tena. Waingereza, ambao walikuwa wamepewa kutawala Tanganyika, waliitoa mwaka wa 1924. Walipofungua mashini wakakuta bado zinafaa: ile grisi ilikuwa imezilinda kwa miaka minane. Mwezi wa tano 1927 masua ikaanza kazi kwa jina jipya, Liemba, jina la zamani la ziwa hilo.

Mashini za mvuke zilibaki ndani yake mpaka miaka ya 1970. Mashini ya namna hiyo inataka birika kubwa la kuchemsha maji, moto usiozimika, na watu wa kuuangalia usiku na mchana. Birika likizeeka ni hatari, na vipuri vilikuwa havitengenezwi tena. Kulikuwa na njia mbili: kuitupa masua nzima, ao kubakiza bodi na kubadilisha kile kinachoisukuma. Watanzania walichagua ya pili.

Kubadilisha motere ya masua si kutoa moja na kupachika nyingine. Mashini ya mvuke inazunguka polepole. Motere ya mazutu ina mbio, kwa hiyo lazima kuwe na kifaa cha kupunguza mbio hizo kabla nguvu haijafika kwenye mapanga yanayosukuma maji. Kitako cha chuma kinajengwa upya kwa kipimo cha motere mpya. Ule mti wa chuma unaotoka kwenye motere hadi nyuma unanyooshwa sawasawa. Ukipinda hata kidogo, masua nzima inatetemeka na maji yanaanza kuingia. Tena, birika zito likitolewa uzito unabadilika, na masua inaweza kuelemea upande. Mwisho wa miaka ya 1970 Liemba ilikuwa inatembea kwa motere mbili za mazutu. Mwaka wa 1993 ilitengenezwa tena kwa msaada wa Denmark, ikawa na nafasi ya abiria 600.

Miaka minne tu baadaye kazi hiyo ilionyesha faida yake. Vita vya 1996 viliwasukuma watu wa Uvira na Fizi kuvuka ziwa. Mobutu alipoanguka, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, lilitumia Liemba kurudisha zaidi ya watu 75,000 katika muda wa miezi mitano, kutoka Kigoma hadi Uvira. Mwaka wa 2015 ikaitwa tena: maelfu ya Warundi walikuwa wamekwama Kagunga, kijiji cha pwani kisichokuwa na barabara ya gari, nayo ikawapeleka Kigoma.

Miaka ya karibuni Liemba ilisimama Kigoma kwa sababu ya matengenezo makubwa. Jambo hilo si la Watanzania peke yao. Kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, inapokea Wakongo tangu 1996, na wako vijana waliozaliwa pale ambao hawajaiona Fizi. Kwa familia hizo njia ya kurudi haijabadilika: barabara mpaka Kigoma, halafu ziwa. Na ziwa halivukwi bila masua yenye motere inayowaka.