Kabla Hujaicheka IST, Sikia BMW Ilipopita

Wadau, juzi kati hapa Mabibo Mwisho kuna dada mmoja kavuta IST. Jina silitaji, ila ni yule anayeuza ndizi za jumla Mahakama ya Ndizi. Alianza kuja sokoni alfajiri kwa boda, akahamia bajaji, sasa kashika usukani wake. Badala ya hongera, kijiwe kizima kikamshukia: "Bebi woka hiyo! Si ungesubiri ununue gari?" Aliyeongoza kucheka hana hata baiskeli, ila kwenye skrini ya simu yake kaweka BMW.

Haya, tuiongelee hiyo BMW.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ujerumani watu walikuwa wamechoka mfukoni. Wengi waliojikakamua waliishia kwenye pikipiki, na mvua iliwapiga kama inavyowapiga abiria wa boda wakati wa masika. Mwaka 1953 kampuni moja ya Italia inaitwa Iso, watu wa majokofu na skuta, ikatoa kigari cha ajabu: Isetta. Kimekaa kama yai, mlango mmoja tu, tena uko mbele! Unafungua uso wa gari kama friji, usukani unasogea na mlango, unaingia, unajifungia. BMW wakanunua leseni, wakatia injini ya pikipiki yao, na 1955 wakaanza kuiuza.

Sasa linganisha. Isetta hiyo ilikuwa na cc 247, nguvu za farasi 12, urefu mita 2.28, na ukiikamua sana unapata kilomita 85 kwa saa. Yaani injini yake ni ya kibajaji kabisa, na kule uliruhusiwa kuiendesha kwa leseni ya pikipiki. IST iliyotoka Japani 2002, ile ya cc 1,300, ina farasi 87, urefu mita 3.85, milango mitano, watu watano na kiyoyozi juu. Mjerumani wa 1955 angekuona nayo angedhani umemwibia waziri.

Halafu ukiegesha Isetta pua ikagusa ukuta, mlango haufunguki, unatokea juu kwenye paa la turubai. Waza hiyo kwenye vichochoro vyetu! Na wenyewe waliitania vilevile: Knutschkugel, yaani mpira wa mabusu, kwa jinsi wawili mnavyobanana humo ndani.

Ila wakati wanacheka, magari makubwa ya kifahari ya BMW yalikuwa yanaitia kampuni hasara. Desemba 1959 nusura Daimler-Benz, wenye Mercedes, waimeze. Wanahisa wadogo na wauza magari ndio waliogoma. Sisemi Isetta peke yake iliiokoa, faida yake kwa gari moja ilikuwa ndogo. Lakini mpaka 1962 zilitoka zaidi ya 160,000, na ndizo zilizofanya kiwanda kiendelee kufanya kazi wakati ndinga za mabosi zinakosa wateja.

Nilimsimulia jamaa yote hayo. Akasema hizo ni stori za zamani, BMW ni BMW.

Jioni ikashuka mvua, ile ya kufunga barabara. Dada akapunguza mwendo, akashusha kioo: "Kaka, panda basi, utalowa."

Alipanda. Tena mbele, na kiti akakisogeza nyuma.