Simu Isiyopiga Hodi

Mgeni mstaarabu hupiga hodi, akasubiri karibu. Mashine inayopiga simu kuuza bidhaa haisubiri. Mwaka 1991 Seneta Fritz Hollings wa Marekani alilalamika kwamba simu za kompyuta zinawatoa wagonjwa na wazee kitandani; mwaka huohuo sheria ikakataza matangazo ya sauti iliyorekodiwa kupigwa majumbani bila ridhaa. Mwaka 2003 ikaja orodha ya taifa: andikisha namba yako, wauzaji wakuache. Mamilioni wakajiandikisha. Lakini jamani, orodha humzuia anayetii sheria tu. Intaneti iliposhusha gharama na kurahisisha kughushi namba, matapeli wakajazana. Ninavyoona mimi, hasara kubwa si kelele: leo namba ngeni ikiita, wengi hawapokei, hata kama ni hospitali.